Kadi Thelathini na Mkono wa Kushoto

Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliamini, kama ninavyoamini leo kwamba maji yanalowesha, kuwa mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto anaweza kuvuta kadi ya kung'aa kutoka ndani ya albamu iliyofungwa, kwa kuipapasa mgongoni tu. Habari hii niliipata kwenye foleni ya bomba la maji shuleni, Lidcombe, kitongoji cha Sydney, kwa mvulana wa darasa la juu aliyeapa kwamba binamu yake aliliona jambo hilo kwa macho yake mawili. Msinicheke. Nanyi mna yenu mliyoyaamini.

Haya yamenirudia mwezi huu, siku nilipofungua faili jipya la plastiki la kuwekea cheti changu cha masomo ya jioni. Lilitoa ile harufu ya pazia jipya la bafuni lililosahauliwa juani, nami nikajiona niko kwenye zulia la sebuleni kwetu, nimelala kifudifudi, nahesabu kadi za besiboli.

Hakuna mtu katika ukoo wetu, kuanzia Tanga hadi Sydney, aliyewahi kuutazama mchezo wa besiboli hadi mwisho. Kadi zililetwa na baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala moja Wetherill Park. Foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, ilitoboa katoni, msimamizi akasema zilizomwagika wafanyakazi wagawane, na baba, ambaye hajawahi kukipa kisogo kitu cha bure, akarudi nazo zimejaa mfuko wa mchele. Zilikuwa kadi elfu moja. Nikisema elfu moja, mnipunguzie mia sita. Wanaume wenye kofia, shavu moja limevimba kwa kutafuna sijui nini, wamekunja uso kana kwamba wamedhulumiwa shamba. Niliwapenda papo hapo.

Januari ile nikaandika lengo la mwaka na kulibandika kwenye friji. Klabu za ligi kuu ya Marekani ni thelathini; kabla ya mwaka kwisha nipate kadi moja ya kung'aa kutoka kila klabu. Kadi za kawaida zilikuwa wali mtupu, za kung'aa ndizo nyama. Ukiinamisha moja kwenye mwanga, inatoa rangi kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

Mwenzangu katika kazi hii alikuwa Didi, jina lake kamili Dieudonné, mtoto wa Kirundi wa ghorofa ya chini. Baba alimpa naye fungu lake, na kila Jumamosi tulibadilishana. Shuleni wenzetu walikuwa na raga na kriketi; mimi nilikuwa na Didi, basi. Ndiye mtu pekee Lidcombe nzima, labda bara zima, aliyenisikiliza nikisoma migongo ya kadi kwa sauti. Na alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto.

Kadi ya kwanza kupotea ilikuwa ya mrushaji mwenye ndevu nyekundu. Ilikuwa Jumapili jioni, nimetoka madrasa. Nyumba yetu Jumapili ilikuwa hoteli ya watu wa pwani: wanatoka Seven Hills na kwingineko, wanakula biriani, wanalala makochini, na watoto wao wachanga wanapaka mate kila kioo. Watoto wale sikuwashuku. Mtu anayenyonya kidole gumba hawezi kujua thamani ya kadi. Aliyechukua alijua, maana aliacha mia za kawaida akachukua ya kung'aa. Na nani alikuwa akiingia kwetu bila kubisha hodi, Jumapili mimi nikiwa madrasa?

"Mama, nani ameiba kadi yangu?"

Mama alikuwa akivaa viatu vya kwenda zamu, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. "Humu ndani hakuna mwizi," alisema. "Makaratasi yako tele, hebu nipishe."

Nikaona anamficha mtu.

Zilizopotea zilipofika tatu, nikawa askari kanzu. Nilitega unywele kwenye droo ya meza ya televisheni, albamu ilimokaa. Nilinyunyiza unga wa ngano kwenye kishikio chake, na kesho yake nikamwona Didi ana unga kwenye sweta, mkono wa kushoto. Kwamba mama yake alikaanga maandazi kila wikiendi, na kwamba familia nzima pamoja na paka wao walikuwa weupe kwa unga, hilo sikulipa uzito. Ushahidi ni ushahidi.

Jumamosi moja nikamwambia, tukibadilishana, aukalie mkono wake wa kushoto.

"Kwa nini?"

"Ndiyo sheria ya Marekani."

Didi akaukalia. Nusu saa nzima aligeuza kadi kwa mkono wa kulia, anaziangusha, anaziokota, wala hakulalamika. Mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Mimi nilisikia hilo neno "baadhi" nikajihesabu katika waliosalimika.

Novemba nilikuwa na klabu ishirini na nane. Jumamosi Didi akaja na kadi ya kung'aa aliyokuwa akiificha tangu Februari, mchezaji aliyeruka hewani kudaka mpira. "Nakupatia hii," alisema. "Ubaki na moja tu ya kutafuta." Jumapili nikaenda madrasa. Kurudi, yule aliyeruka hewani hayupo.

Nilimkuta Didi kwenye ngazi na dada zake wawili.

"Geuza mifuko."

"Mifuko ya nini?"

"Wewe unajua."

Akaigeuza. Vilitoka funguo, karatasi ya pipi, na nusu ya biskuti. Dada zake wakaacha kucheza.

"Mimi sikukamata kitu yako," alisema. "Ile nilikupatia jana mwenyewe. Naweza kukupatia halafu nikuibie?"

"Mwizi mjanja ndivyo anavyofanya. Na huo mkono wako unajulikana."

Aliutazama mkono wake, mbele na nyuma, kama anayeukuta kwa mara ya kwanza. Akaingia ndani, akatoka na boksi lake la kadi, akaliweka kwenye ngazi miguuni pangu.

"Beba yote," alisema. "Sasa hutakuwa tena na kitu ya kunihesabia." Akaufunga mlango polepole, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Ndani ya boksi lile zilikuwamo kadi za kung'aa, zake mwenyewe, za klabu zote mbili nilizopungukiwa; yule aliyeruka hewani hakuwamo. Jioni ile ile nilitimiza lengo la mwaka. Nilivuta mstari juu ya karatasi ya kwenye friji, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mama alikuwa zamu, na alipouliza baadaye mbona Didi haonekani, nilisema ana kazi nyingi za shule. Kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka kwisha walihamia jimbo jingine. Nilisikia wakishusha vitanda kwenye ngazi, sikutoka.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikatambua kwamba mwaka mzima niliuliza "nani ameiba" na si hata siku moja "imekwenda wapi." Anayeuliza lile la kwanza ameshamaliza kesi, anatafuta jina la kuandika tu.

Mwezi huu mama alinifanyia karamu ya kile cheti. Bi Mwanaidi wa Seven Hills, mgeni wetu wa miaka yote, akaniambia mbele ya watu kwamba mwanawe mpaka leo ana ile picha ya mchezaji aliyeruka hewani, aliyopewa hapa kwetu alipokuwa mdogo.

"Alipewa na nani?" niliuliza.

Mama alikuwa akimimina chai, wala hakuinua macho.

"Si mimi? Watoto wa wageni walikuwa wakilia wakati wa kuondoka, nikawa nawapa moja moja kutoka kwenye droo. Nilichagua zile zinazong'aa, mwanangu, kwa sababu mgeni hapewi makombo."