Ruhusa, Afande

Ofisi hii ya Abu Hamour, huku ughaibuni, inanuka polishi ya viatu. Sisi walinzi tumejipanga mlangoni, tukingoja meneja atutilie sahihi ruhusa ya kutoka nchini. Bila sahihi yake hupandi ndege. "Bukra," anasema. Kesho. Hata jana alisema bukra.

Babu naye alinuka hivyo. Buti alizorudi nazo kutoka Vita Vikuu, huko Burma, alizipiga polishi kila asubuhi mpaka uzeeni. Kisha alikuwa akisimama kizingitini, mikono ubavuni, hata kama anaenda chooni tu: "Ruhusa, afande!" Nyanya, akichambua mboga zake, alikuwa akimjibu, "Ruhusa, mzee." Ndipo babu alipokuwa akivuka.

Siku moja nyanya alikwenda matangani tangu asubuhi. Babu akasimama pale pale. Nilimwambia, "Ruhusa, babu," mara nyingi, hadi nikalia. Alinitazama kwa upole, asisogee. Sauti ya mtoto haikuwa na cheo.

Nyanya aliporudi jioni, suruali ya babu ilikuwa imelowa.

"Mzee wangu, si mlango uko wazi?"

"Uko wazi," babu akasema. "Lakini afande hajasema."