Jiwe Juu ya Themostati

Mwanangu ana hita ya umeme nyumbani kwake Nairobi. Mwezi wa saba baridi ikishika, anaingia kutoka kazini na kabla hajavua koti anazungusha kile kitufe mpaka mwisho, ati chumba kipate joto haraka. Nimemwambia hita haiendi mbio kwa sababu umezungusha sana. Inawaka vile vile. Kitufe kinaiambia tu izime joto likifika wapi, na hiyo ndiyo kazi ya themostati. Ananitazama na shahada yake, anasema, "Sawa, mama," halafu baada ya muda tunatoka jasho na yeye anafungua madirisha. Sibishani naye. Wajinga wa themostati ninawajua tangu zamani, na mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wangu, mzee wa kanisa kule kwetu milimani juu ya Tawa.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, ikielekea mwisho. Nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya bonde, mume wangu akifanya kazi Kibwezi, nami nilipanda mlima mara kwa mara kumwona mama. Mama alikuwa mjane. Mvua ilikuwa imetukosa, mbuzi walikuwa wameisha, na kilichobaki bomani kwake ni kuku. Kuku ndio waliomnunulia chumvi na sabuni, na ndio waliompa nguvu ya kusema hapana kila baba mkubwa alipokuja na lile neno lake. Alitaka mama afunge nyumba yake ahamie kwake. Yeye aliiita huruma. Huruma gani? Mke wake alikuwa amechoka kusaga na kuteka maji ya nyumba nzima ya walaji, na shamba la mama, lenye matuta mazuri, lilipakana na lake. Kila mtu alilijua hilo. Hakuna aliyelisema, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika Biblia kwenye kila mazishi.

Mimi nisingeweza kumchukua mama. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wanaheshimiana kwa mbali, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Kaka sikuwa naye. Kwa hiyo ilikuwa kuku, au kwa baba mkubwa.

Sasa wageni wa kanisa kutoka ng'ambo wakaleta mashine ya kuangulia vifaranga, wakakipa kikundi cha kina mama. Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alikuwa baba mkubwa. Usiniulize. Hakuwahi kufuga hata jogoo, lakini palipokuwa na mlango wa kufunga, yeye alikuwa tayari ameshika ufunguo.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu, na ubavuni mwake taa ya mafuta. Moto wa taa ulipanda kwenye bomba fupi, ukaingia sandukuni na kuyapasha mayai joto. Ndani, juu ya mayai, kulikuwa na kidude cha bati chembamba, bapa, kilichofungiwa maji ya dawa fulani. Sanduku likipata joto la kutosha, kile kidude kinavimba. Kikivimba kinasukuma kijiti, kijiti kinainua mkono wa chuma, na mkono unainua kifuniko kilichokaa juu ya bomba. Basi moto unatoka nje kupitia juu badala ya kuingia kwa mayai. Sanduku likipoa kidogo, kidude kinanywea, kifuniko kinashuka. Themostati ni hiyo tu. Nilielewa siku ile ile bibi wa mifugo, afisa wa serikali, alipotuonyesha, na wenzangu wengi walielewa, hata wasiojua kusoma. Baba mkubwa naye alikuwa pale. Alikuwa anapanga viti vya wageni.

Kina mama walifanya kama wanavyofanya mwethya, kazi ile ya kusaidiana kwa zamu. Na kwenye mwethya hufichi. Ukitoa, unatoa kama wengine, na mtu akisikia umebakisha yai nyumbani linalaliwa na kuku, utasemwa mpaka sokoni. Mama alileta mayai yake yote. Kila mmoja aliyatia alama yake kwa makaa, yakapangwa sandukuni, ndani ya stoo ya kanisa, na zamu zikaanza: asubuhi na jioni mtu anayageuza, anajaza taa, anakata utambi.

Wiki ya pili kideri kikaingia. Kuku wa kijiji wakaanza kuinamisha shingo na kuharisha kijani, wakafa. Wa mama waliisha wote. Nilimkuta anawafukia nyuma ya choo, na hakulia. Aliniambia, "Afadhali mayai yapo kanisani." Alisema vile na nikashukuru pamoja naye. Kuanzia siku hiyo kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya lile sanduku.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonionyesha baba mkubwa alikuwa mtu wa namna gani. Mayai yakikaribia kuangua, vifaranga wenyewe wana joto lao. Sanduku halihitaji tena moto mwingi, kwa hiyo kifuniko kinakaa wazi karibu mchana kutwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baba mkubwa akapita, akaweka kiganja juu ya bomba, akasikia moto unatoka bure. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Haya ni mafuta ya kanisa," akasema. "Yanakwenda hewani na nyinyi mmekaa."

Nilikuwa kwenye zamu ya mama. Nikamweleza pole pole, kwa heshima, jinsi kidude kinavyovimba na kwa nini moto lazima utoke. Nilimwambia kikifungwa mayai yataiva. Alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Msichana," akasema, "mimi nimewasha taa kabla mama yako hajaletwa kwetu."

Kwake kuwasha taa ilikuwa elimu. Nikamwomba tena asiguse, na mama akamwomba, akimwita mwenyekiti kama alivyopenda kuitwa. Akasema amesikia.

Jumapili, watu walipotawanyika baada ya ibada ya jioni, na mama wa zamu alipokwisha kujaza taa, baba mkubwa alibaki kufunga stoo. Mnajua tunavyopika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka. Yanachukua muda na kuni nyingi, kwa hiyo unafunika sufuria na juu ya kifuniko unaweka jiwe, mvuke usipotee. Kila mtoto wa Kikamba amekua akiliona jiwe hilo jikoni. Basi huyu mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenyekiti, akatoka nje akachagua jiwe, akarudi akaliweka juu ya kifuniko cha themostati. Akafunga kwa kufuli. Akaenda nyumbani kula, bila shaka muthokoi.

Jumatatu asubuhi tulimngoja aje na ufunguo. Mlango ulipofunguka joto lilitupiga usoni. Jiwe lilikuwa pale pale, na mkono wa chuma ulikuwa umepinda kwa kujaribu kuliinua.

"Nani ameweka hili?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi," akasema, bila haya hata kidogo. "Na mtaona mafuta yalivyobaki."

Akaiinua taa aione. Kweli hakuweza kungoja kutuonyesha mafuta. Mama alikuwa amekwisha kuchukua yai lenye alama yake na kuliweka sikioni. Akachukua lingine. Juzi yake tulikuwa tumewasikia wakigonga kwa ndani. Akalipasua moja ukingoni mwa meza, na kifaranga alikuwa amekamilika, ana manyoya, ana kucha, amekufa. Wanawake wengine wakaanza kupasua ya kwao. Nilitaka kulichukua lile jiwe na nisiseme hapa nilitaka kulipeleka wapi.

Unadhani aliomba msamaha? Jumapili iliyofuata alisimama mbele akasema mashine ya wazungu imeshindwa na hali ya hewa ya Ukambani, na kwamba Mungu anatufundisha tusitegemee vyombo. Wapumbavu wakaitikia kwa vichwa. Bibi wa mifugo aliyejua ukweli alikuwa amehamishiwa Kyuso, na sisi tuliokuwa stoo tulitazama sakafu. Nilimwambia mama jioni, tukiwa jikoni kwake, kwamba ikiwa hatasema mimi nitasema, mbele ya kanisa lote.

"Utasema," akaniambia, "halafu utashuka uende kwako. Mimi nikimwaibisha leo, kesho nitakula wapi?"

Sikusema.

Alihama kabla ya mvua. Nilimbebea godoro, yeye akabeba sufuria, na baba mkubwa akatupokea mlangoni kwa sala ndefu. Kwa miaka yote iliyofuata mama alisaga pale, aliteka maji pale, na alipakua chakula chake wengine wakishamaliza. Matuta ya mama yalilimwa pamoja na yale mengine hadi mpaka ukasahaulika. Kila nilipoenda kumwona nilisalimia kwanza mwenye nyumba, ndiyo heshima yetu, na kila mara aliniambia mama yangu hakosi kitu.

Baba mkubwa alikufa mzee, kitandani, ameshiba. Kwenye mazishi yake wasifu ulisomwa, na katikati wakasema kwamba alimlisha mjane wa ndugu yake kwa miaka mingi bila kunung'unika. Watu wakaitikia amina. Mama alikuwa amekaa mbele, na jamaa, kitambaa kichwani. Na yeye akaitikia.