Siku Niliyoizamisha Dzaleka Baharini

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa mabaharia, ucheke usicheke. Bahari hakuna aliyekuwa ameiona. Maji tuliyoyajua ni yale ya bomba, nayo tuliyapigania kwa madumu tangu alfajiri. Hata hivyo, ungetuuliza meli hupataje njia katikati ya maji matupu, tungekujibu kabla hujamaliza swali, hasa mimi, Furaha, niliyekuwa na mdomo kuliko akili.

Mwalimu wetu alikuwa Papa Bisimwa, fundi cherehani aliyetoka Bukavu, Kongo, kama sisi. Ujana wake aliumalizia kwenye meli za mizigo za bandari ya Matadi, na huko afisa mmoja akamfundisha kusoma jua. Vifaa vyetu vilikuwa ubao, msumari, uzi wa cherehani na jiwe. Jiwe linanyoosha uzi, msumari unatupa kivuli juu ya digrii tulizochora kwa kalamu, na kivuli cha adhuhuri kinakuambia jua limeinama kiasi gani kutoka utosini. Kisha unafungua daftari lake lenye jedwali la jua la kila siku ya mwaka, unajumlisha au unatoa kulingana na majira, na hapo unajua uko umbali gani kutoka ikweta. Tulikariri hayo tukitafuna mahindi ya kuchoma, daftari la watu tukilipaka masizi.

Mama hakuamini hata chembe. "Mutu wa Bukavu na bahari, wapi na wapi?" alisema. "Uyu anapotezea batoto muda. Maji nani atachota?" Wazazi wengine wakamuunga mkono. Papa Bisimwa akawaomba kitu kimoja tu: waje Jumapili baada ya ibada, watoto wawaonyeshe. Wakiona ni upuuzi, angefunga darasa.

Ilikuwa Juni, upepo wa Dowa unakata masikio. Nilijitolea kupima kabla sijaombwa, nikiwa ndani ya gauni langu la Pasaka. Kivuli kilipofika ufupi wake wa mwisho nikasoma: thelathini na saba. Jedwali likasema: ishirini na tatu kaskazini. Mara ishirini Papa Bisimwa alikuwa ametuonya kwamba Juni jua liko ng'ambo ya ikweta, kwa hiyo unatoa, hujumlishi. Mimi nikajumlisha, tena kwa sauti ya mhubiri.

"Digrii sitini kusini!"

Mwalimu mmoja wa shule alikuwa na atlasi. Kidole chake kikashuka, kikaipita Afrika yote, kikaendelea kushuka. "Hapa ni bahari tupu," akasema. "Inakaribia barafu."

"Njo maana nasikia baridi," Mama akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Papa Bisimwa hakucheka. Alivua kofia. "Bazazi, kosa ni yangu. Sikumufundisha muzuri."

Ningenyamaza tu, ningeokoka. Lakini nilimwona akianza kuuzungusha uzi kwenye ubao, kama mtu anayefunga duka. "Hapana, Papa," nikasema. "Ulitufundisha. Mi njo sikusikiliza."

Akanitazama kidogo, akaufungua uzi. "Basi, rudilia."

Nikatoa. Kumi na nne. Kidole cha mwalimu kikapanda, kikatua karibu kabisa na Dowa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama ndiye aliyeuliza, taratibu: "Na kwetu Bukavu?"

"Mbili na nusu, Mama Furaha," Papa Bisimwa akajibu.

Akahesabu tofauti kwa vidole hadi vikamwishia. "Digrii moya iko kilometa ngapi?"

"Mia na kumi hivi."

Mama akageukia kaskazini, kisha akakaza kitenge chake. "Kesho utachota maji mapema," akaniambia, "kisha uende kusoma."

Baadaye nilipewa wadogo niwafundishe. Wengi wao, kwa hesabu zangu, niliwapeleka Zimbabwe.

Siku hizi naishi Area 23, Lilongwe. Mdogo wangu wa mwisho hawezi kwenda popote bila kuuliza simu. Betri ikiisha, anasimama njiani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Namcheka, ingawa sina haki hiyo. Mwaka niliohamia, nikitafuta ofisi moja ya serikali kule Capital Hill, nilidharau kuuliza, nikafuata jua, nikaibukia kwenye shamba la mahindi la mtu. Mwenye shamba akanipakiza kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, nikamwambia zikomo, yaani asante, bila kumtazama usoni.

Papa Bisimwa alipata nchi ya ng'ambo ya kumpokea. Alipopiga simu mara ya kwanza, nilimuuliza bahari ilikuwaje alipoivuka tena baada ya miaka yote ile.

"Nililala, mwanangu," akasema. "Ndege ilijua njia."