Mwigizaji Aliyeliliwa Akiwa Hai

Rafiki yangu, juzi nilipita pale Nkende, nikapigwa na butwaa. Pembeni mwa barabara imesimamishwa sanamu ya mtoto wa jirani yetu wa kijijini Machochwe, ndefu kuliko paa la duka, mkono kauinua kama alivyokuwa akiuinua jukwaani. Watoto walikuwa wanapiga picha naye. Wanajua tu kwamba alikuwa mwigizaji mkubwa wa maigizo na filamu. Mimi nilimjua mama yake.

Enzi zile tukimaliza kufukuza nyani shambani tulikimbilia banda la video, giza tupu mchana, jenereta linanguruma nyuma, mahindi ya kuchoma yananukia mlangoni. Filamu yake ya kwanza ilipofika, mama yake alikuja kumtazama, maana hakuwa amemwona tangu aende mjini. Tulimpisha mbele. Na kijana aliigiza, jamani! Alipopigwa risasi akaanguka, hata mimi nilisahau kupumua.

Mama akapiga ukunga. "Mura wane, kijana wangu! Wamemuua mwanangu!"

Mwenye banda akamwambia ni mchezo tu.

"Mchezo gani? Damu nimeiona kwa macho yangu!"

Akaenda nyumbani, akanyolewa nywele kama mfiwa. Bibi yangu, mbishi kuliko wote kijijini, naye akaenda kukaa matanga.

Habari zikamfikia kijana, naye akaja mbio. Aliposhuka kwenye basi akiwa mzima, wanawake wa matangani walitawanyika wakidhani ni mzimu. Mama yake hakukimbia. Alimwekea ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akamwangalia anavyotafuna, kisha akamfungua shati na kumpapasa kifua pale risasi ilipoingia. Hakuna kitu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwongo wewe!" Sijasikia tena mwigizaji akisifiwa hivyo. Mpaka leo kazi ile inanitisha kidogo.

Banda lenyewe halipo tena. Siku hizi watu wanatazama filamu kwenye simu huku wakinywa soda, na hakuna anayelia. Inaniuma.

Miaka mingi baadaye alikufa kweli, jeneza likaletwa Machochwe. Tulimshika mama yake mikono tukidhani ataanguka. Hakulia. Alikataa kunyolewa.

"Safari hii hamnidanganyi," alisema. Akatoa kigoda nje, akakaa akitazama barabara basi linakotokea. Alikaa hapo kila siku, mpaka naye alipotutoka.