Blanketi la Damiani

Arobaini ya Damiani ilipopita, ndugu zake waligawana nguo kama ilivyo desturi. Mdogo wake Obadia alichukua koti. Mwingine alichukua viatu ambavyo hata havikumtosha. Mjane, Eliana, aliachiwa blanketi zito la sufu, lile ambalo marehemu alilivutia upande wake kwa miaka ishirini na sita.

Eliana hakulilalia. Alilifua mara saba, akalichemsha, akalikata vipande vya kuchujia mafuta ya alizeti aliyokuwa akiuza gulioni Mtinko. Khanga zilipitisha mashapo. Blanketi lilitoa mafuta maangavu hadi kitako cha ndoo kikaonekana. Mafuta hayo ndiyo yaliyomlisha tangu azike.

Siku moja Obadia alipita mezani pake akakitambua kipande kilichofungwa mdomoni mwa ndoo.

“Jamani, hili si blanketi la kaka?” akapaza sauti. “Ninyi mnaonunua hapa, mnamkaanga Damiani!”

Foleni ya madumu ikavunjika. Mama Pendo, mpika maandazi, akashika kifua. “Ndiyo maana maandazi yangu yananuka tumbaku!” Wiki nzima alikuwa ameyauza akiyasifu.

“Shemeji,” Eliana akasema, “wewe umevaa koti lenye jasho lake mgongoni, hata maji halijaonja. Nani amekukimbia?”

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyerudi kwenye foleni. Eliana akatazama ndoo tatu zilizojaa.

Aliyekuja mezani ni Mwalimu Joyce, anayefundisha Kiingereza sekondari.

“Shikamoo mama. Jana tu nimefundisha neno lao, infiltrate,” akasema kwa sauti ya darasani. “Maana yake ni kupenya kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia udongoni, au mpelelezi kambini mwa adui. Asili yake ni neno la Kilatini la kitambaa cha sufu iliyogandamizwa. Watu wa kale huko Ulaya walichujia humo vimiminika.”

“Kilatini ni cha padri, si cha mafuta,” Obadia akadakia.

“Hebu nyamaza, tunasoma,” Mama Pendo akamkata, kisha akamgeukia mwalimu. “Kwa hiyo Wazungu nao walichujia mablanketi?”

“Karibu sawa na blanketi. Mafuta yanapenya, uchafu unabaki kwenye sufu.”

“Mablanketi ya marehemu?”

“Kamusi haisemi.”

Mama Pendo akainama, akachungulia ndoo, akanusa. Akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho kama anayesali.

“Haya, nipimie lita tano. Ila nakuomba, mama mwenzangu, nisipewe yaliyopita upande wa miguuni.”

“Upande wa miguuni alizikwa nao,” Eliana akajibu bila kupepesa jicho.

Ulikuwa uongo mtupu. Mama Pendo akafungua dumu, na nyuma yake mtu mwingine akasogea.