Kwa Mungu Hakuna Mahafali

Jumapili iliyopita benchi la kibanda cha chipsi lilinifinya paja. Nikapiga kelele, "Mamaaa!" mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Jamaa wa bodaboda aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi alikuwa amenyanyuka tu kufuata pilipili.

"Pole sista," muuza chipsi akacheka. "Lina ufa hilo. Mtu wa mwisho akinyanyuka, linauma."

Nikainama kuchungulia chini ya ubao. Rangi ya bluu imebanduka, ila kile kiraka cha bati kipo palepale. Rafiki yangu, mie hilo benchi nalijua. Limenilea. Kanisa letu lilipobomoa banda la Sunday school ili magari ya maharusi yapate pa kuegeshwa, mabenchi yalitawanyika kama wana wa Israeli, na hili limeishia hapa, linanuka mafuta ya kukaangia.

Sie kwetu Ukonga. Ukimwambia mtu wa mjini unakaa Ukonga, anakuuliza, "Ndani au nje?" kwa ajili ya lile gereza. Bibi yangu alikuwaga na jibu lake: "Nje, ila rufaa bado." Ndiye alinifundisha kuwa na mdomo, kwa hiyo walimu wangu wanaolalamika walalamike kaburini kwake.

Bibi alikuja Dar kutoka Singida akiwa tayari na mvi. Alibatizwa utotoni, lakini mafundisho ya kanisa hakuyamaliza. Alitolewa akachunge mbuzi, halafu akaolewa, halafu akazaa, na miaka ikakimbia. Kipaimara hakupata, na kwetu bila kipaimara hushiriki Meza ya Bwana. Kwa hiyo maisha yake yote, watu wakienda mbele kupokea mkate na divai, yeye alibaki kwenye kiti akiwashikia pochi zao.

Mchungaji alimhurumia. Akamwambia, "Bibi, kwa umri wako nitakufundisha siku chache tu pale ofisini, nikuwekee mikono, tumalize." Mwingine angepiga vigelegele. Bibi akakataa. "Baba mchungaji, sitaki kupewa kwa huruma ya mvi. Nitaanza mwanzo, kama wenzangu."

Wenzake ndio sie, vichwa vya kamasi wa darasa la wadogo.

Basi akaja. Akajibana mwisho wa benchi letu, magoti yakamfika kidevuni, kanga imefungwa pindo lenye karanga za kukaanga. Mwalimu wetu, dada mmoja wa kwaya, akiingia sote tunasimama: "Shikamoo mwalimu!" Anaitikia, "Marahaba watoto," halafu anapiga goti kidogo kwa aibu: "Shikamoo bibi." Na bibi, kwa adabu zote za mwanafunzi: "Marahaba, mwalimu."

Sasa ule ufa. Bibi akikaa, ubao unalemewa na ufa unafunguka kimyakimya chini ya mapaja yetu. Akinyanyuka, ubao unarudi na kuuma nyama yoyote utakayoikuta. Na bibi alikuwa mtu wa maswali. Alikuwa hawezi kuuliza akiwa amekaa, eti ni dharau. Hivyo kila swali la bibi lilitanguliwa na benchi zima kulia "Mamaaa!" kwa sauti nne, kama kwaya.

"Mwalimu, huyu Yona alipotapikwa na samaki, alioga wapi kabla ya kwenda kuhubiri?"

"Biblia haijasema, bibi."

"Haijasema, au wewe hujafika?"

Tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Ila sikiliza, hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli. Jumamosi jioni, tukisugua masufuria uani kwa mchanga na majivu, alinisomesha Amri Kumi kwa zamu: yeye moja, mie moja. Masizi yakigoma, anakaba sufuria na kurudia "Usiue! Usiue!" mpaka jirani anachungulia juu ya ukuta.

"Kuna nini huko jamani?"

"Tunasoma!"

Jirani huyo ndiye aliyekuwa akimchokoza: "Bibi, hiyo shule yako utamaliza lini?" Naye anamjibu bila kugeuka: "Kwa Mungu hakuna mahafali, mwanangu. Hata malaika wanakwenda tuisheni."

Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, kwamba tunagombania mume mmoja, babu, Mungu amrehemu. "Mke mwenzangu, amka, tunachelewa kipindi." Tukapanda madarasa pamoja, wadogo, wa kati, wakubwa, mpaka tukaingia darasa la kipaimara. Tulikuwa na mkataba. Siku ile tutasimama pamoja, tutakwenda mezani pamoja, mkono kwa mkono. Kitambaa cheupe cha gauni lake alishakinunua, kipo sandukuni kinanuka dawa ya nondo. "Siku hiyo," alisema, "watafute mtu mwingine wa kuwashikia pochi."

Halafu ikaja Jumapili moja, mwalimu akauliza swali jepesi, la nani alimbatiza Yesu. Bibi akanyanyuka. Benchi likatuuma, tukalia kama kawaida yetu. Bibi akabaki amesimama. Akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu.

"Eti nimesimama kufanya nini?"

Tulicheka, rafiki yangu. Tulicheka mpaka machozi, tukidhani leo katupa kali. Mwalimu pia alicheka. Bibi akakaa polepole, akaanza kufungua pindo la kanga na kulifunga tena, kulifungua na kulifunga, na karanga hazikuwemo.

Kuanzia hapo alirudi darasa kwa darasa, kinyumenyume. Kwanza yakaondoka mafundisho ya darasa la kipaimara, imani na sakramenti. Halafu Amri. Tukisugua masufuria anaanza "Usi..." anakwama, ananitazama nimsaidie. Nikimsaidia anasema, "Mungu wangu, kumbe ni hivyo! Nani kakufundisha?" Wewe bibi. Wewe ndiye umenifundisha. Jioni inayofuata anauliza tena, anafurahi upya. Mwishowe akabakiwa na kawimbo kamoja ka darasa la wadogo, kale ka kupiga makofi, na siku nyingine makofi yenyewe yanapishana.

Daktari alisema ni uzee. Asante daktari, sie tulidhani ni malaria.

Siku ya kipaimara nilivaa nyeupe peke yangu. Bibi walimkalisha kiti cha pembeni, ule mstari wa tatu. Nilipopita karibu yake nikielekea mezani, akanyoosha mkono na kunishika gauni. "Lete pochi nikushikie, mama," akasema. Sikuwa na pochi. Nikampa leso yangu. Akaipakata vizuri, kwa mikono miwili.

Baadaye mchungaji alikuja nyumbani na kisanduku chake cha Chakula cha Bwana. Alisema maswali basi, mafundisho basi, Mungu anamjua bibi. Tukamkalisha kitandani, mie nimemshikilia mgongo. Mchungaji akaleta mkate mdomoni. Bibi akafumba midomo, akageuza uso.

"Bado sijamaliza, baba."

"Umemaliza, bibi. Mungu anajua."

"Mungu anajua, ila mwalimu hajaniita." Akatazama mlangoni. "Na mke mwenzangu hayupo. Tunasoma naye. Ametoka kidogo, anarudi."

"Bibi, mie hapa," nikasema. "Si huyu hapa mie?"

Akanigeukia, akanipapasa shavu kwa upole kabisa, kama mgeni wa heshima. "Hata wewe kaa usubiri, mama. Hakawii."

Mchungaji alijaribu tena, na siku nyingine tena. Jibu lilikuwa lilelile. Mara ya mwisho alifunga kisanduku chake akaondoka hivyohivyo, na sikuwa nimewahi kumwona mchungaji akitoka nyumba ya mtu bila kuomba. Bibi alikufa hajaonja. Tulimzika na gauni la kile kitambaa.

Msibani wazee wa kanisa walisema sasa anasoma miguuni pa Bwana mwenyewe. Labda. Mie niko kidato cha nne, kila mtu ananiambia soma, soma, elimu ni bahari. Nafungua kitabu na ninachokiona ni bibi na sufuria lake, akifurahia "Usiue" kama habari mpya. Banda halipo. Mwalimu aliolewa, akahamia Mbezi. Watoto wa siku hizi wanakaa viti vya plastiki, kila mtu na chake, na hakuna anayemfinya mwenzie. Karanga zile sijui alikuwa anazikaangaje. Sikuwahi kumuuliza, nilidhani muda tunao.

Chipsi zangu zilikuwa zimepoa. Jamaa wa bodaboda alishaondoka zake, na ule mwisho wa benchi ulikuwa wazi. Akaja mvulana na sahani yake, akasimama.

"Sista, hapa pana mtu?"

Nilitaka kumwambia yupo, ametoka kidogo.

"Hakuna," nikasema. "Kaa."