Kunguni wa Kwenye Mshono

Mjukuu wangu, fundi wa magodoro, mafua yakimwona huvuka barabara yapite upande wa pili. Cheka, lakini ana virusi vya UKIMWI tangu marehemu mumewe yu hai, hajameza kidonge hata kimoja, na kila akipimwa damu inasema anavyo, ila mashine ya kuvihesabu haivioni.

Daktari alimweleza kwa maneno marefu kama treni ya mizigo, mwisho akayafupisha: "Chembe zako nyeupe za damu ni kali. Zikiona chembe iliyoingiwa na kirusi, zinaiua kabla haijazalisha vingine. Vilivyobaki vimejificha."

"Kama kunguni kwenye mshono," akasema Fundi. "Hawajaisha, wanaogopa kutoka."

"Hasa. Watu kama wewe ni wachache mno. Hata hivyo, anza dawa. Siku watakayotoka hatuijui."

"Wakitoka nitakuja," akajibu, akarudi kuchambua pamba.

Mdogo wake, anayeshona naye, ana virusi pia, ila yeye dawa ndizo zilizomnyanyua kitandani. Aliposikia habari ile, akatupa vidonge juu ya kabati.

"Mama mmoja, baba mmoja," akasema. "Damu yetu ni ile ile."

"Ile ile?" nikamuuliza. "Mbona pua yako imekwenda kivyake?"

Akacheka, vidonge hakuvishika. Mwanzoni alinawiri kwa ubishi mtupu. Kisha kikohozi kikaingia, na ile sindano ndefu ya magodoro ikamshinda kuvuta. Alipopimwa, virusi vilikuwa vimepanda. Daktari akamwambia chembe za dada yake hazimlindi yeye. Kila aliyemsihi alipata jibu moja: "Mbona dada hamezi?"

Asubuhi moja Fundi akatoka kliniki na chupa mbili za dawa. Akakaa juu ya rundo la pamba, akamimina maji vikombe viwili.

"Hii yako. Hii yangu."

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Daktari aliniambia zamani, nikajifanya chuma cha reli. Haya, meza. Au nimeze peke yangu kama yatima?"

Mdogo mtu akachukua kidonge, akameza. Fundi naye akatia chake mdomoni, macho yakamtoka, kidonge kikagoma kooni.

"Usikaze koo, dada! Inamisha kichwa. Maji mengi. Ehee!"

Kikashuka.

Siku hizi mdogo ndiye msimamizi. Dada akichelewa, husikia kutoka kwenye cherehani: "We fundi mkubwa, kunguni wanakusubiri!"